Kulazwa, Kuhasiwa, Kuasiliwa: Uteuzi wa Maneno na Uhai wa Wanyama

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuombwa na kliniki ya wanyama aifasiri fomu ya ridhaa kutoka Kiingereza. Fomu hiyo ilitumia tafsida ambayo, neno kwa neno, ni "kumlalisha mnyama usingizi", na maana yake ni kumuua mnyama mgonjwa bila kumtesa. Mwanafunzi akaandika: "Naridhia mbwa wangu alazwe." Mama mmoja aliyeteremka Moshi kutoka vijiji vya mlimani alitia saini, akaenda zake. Kesho yake asubuhi alirudi akiwa na kamba mkononi, akauliza kama mbwa wake ameanza kula na kama anaweza kurudi naye nyumbani.

Hakuna aliyekusudia kumdanganya mama yule. Daktari alifanya kazi yake, na mfasiri alitafuta neno la upole. Lakini kwa Mtanzania, kulazwa ni kupokewa hospitalini ili utibiwe, na anayelazwa hutarajiwa kutoka. Pengine mbwa yule hakuwa na tiba. Hata hivyo, mwenye mbwa hakupata nafasi ya kuuliza, ya kukataa, wala ya kumuaga.

Kisa hicho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya kwa ajili ya wanafunzi, wafasiri na walimu. Kazi ya kuokoa wanyama hufanywa kwa dawa, chakula na mabanda, lakini hufanywa pia kwa matangazo, fomu, vibao na maelezo ya mdomo. Neno zuri katika kazi hiyo si lile linalopendeza sikioni, bali ni lile linalomwezesha msikilizaji kujibu maswali matatu: Mnyama huyu ni wa nani? Atafanyiwa nini? Nami natakiwa kufanya nini? Tutapitia makundi machache ya maneno kwa kipimo hicho, tukichukua mifano kutoka Moshi na miteremko ya Kilimanjaro.

Koko, mzururaji na asiyejulikana mwenyewe

Mbwa koko ni mbwa asiye na mwenyewe, anayejitafutia riziki majalalani na njiani. Maana hiyo ni halali, nalo ni neno la kila siku. Tatizo ni kwamba koko haonekani kwa macho. Katika vijiji vya mlimani, nyumba nyingi zimo ndani ya kihamba, katikati ya migomba na kahawa, na si kila kihamba kina ua unaomzuia mbwa. Mbwa hulinda usiku, na mchana huweza kuteremka hadi barabarani au sokoni kisha akarejea jioni. Anayemkuta njiani Kiboriloni au Marangu humwona mbwa asiyefuatana na mtu, na kwa haraka humwita koko. Watafiti wa kichaa cha mbwa nchini Tanzania wameeleza kwamba mbwa wengi wanaotembea huru wana watu wanaowatambua kuwa ni wao.

Tangazo linaposema, "Mbwa koko wote wataangamizwa," hutokea makosa mawili kwa pamoja. Kwanza, kila mwenye mbwa huamini kwamba halimhusu, kwa kuwa wake si koko. Pili, anayetumwa kutekeleza hana njia ya kumtofautisha koko na mbwa wa jirani aliyetoka matembezini.

Neno mzururaji lina uzito zaidi. Uzururaji ni neno la polisi na mahakama, nalo humhusu binadamu anayeshukiwa kwa kutembea bila shughuli inayojulikana. Mbwa anapoitwa mzururaji, huwa ameshahukumiwa kabla hajatafutiwa mwenyewe.

Tofauti ninayopendekeza ni ndogo kisarufi lakini kubwa kimatokeo. "Asiye na mwenyewe" ni dai kuhusu mbwa, ambalo msemaji mara nyingi hawezi kulithibitisha. "Asiyejulikana mwenyewe" ni kauli kuhusu ujuzi wetu sisi, na kwa hiyo ni ya kweli. Kauli ya kwanza inafunga mlango, ilhali ya pili inamwalika msikilizaji aseme, "Mimi namjua, ni wa kwa fulani." Ikiwa kuna dalili kwamba mbwa ametoka kwao, kama vile mkanda shingoni, mwite mbwa aliyepotea.

Wafasiri wajihadhari na kosa jingine. Mbwa wa kufugwa aliyeacha kutegemea watu si mbwa mwitu. Mbwa mwitu ni mnyamapori wa jamii nyingine kabisa, mwenye masikio makubwa ya mviringo na madoa mwilini, na yumo hatarini kutoweka duniani. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, inayogusa mikoa ya Kilimanjaro na Tanga, wanyama hao wamezalishwa kwa miaka mingi ili warudishwe porini. Tangazo linalowaonya wanakijiji dhidi ya "mbwa mwitu" wakati linakusudia mbwa wa majalalani linamtwika mnyama adimu kosa lisilo lake.

Huyu, hili na hiki

Wanafunzi hujifunza mapema kwamba majina ya wanyama huchukua upatanisho wa A-WA, hata pale umbo la nomino linapoelekea ngeli nyingine: kifaru amelala, kiboko ametoka majini, mbwa huyu amepotea. Sarufi ya Kiswahili sanifu humweka mnyama pamoja na mtu katika kundi la viumbe hai. Hilo si jambo la mapambo. Mwaka 2008 Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, inayomtambua mnyama kuwa ni kiumbe chenye hisia, na lugha yetu ilikuwa tayari na upatanisho wa kulieleza jambo hilo.

Mzungumzaji hata hivyo ana uwezo wa kumtoa mnyama katika kundi hilo. Akikuza jina, husema jibwa lile limepita tena. Akilidunisha, husema kijibwa hiki kinapiga kelele. Ukuzaji hapa haupimi kimo tu, kwa maana huonyesha karaha au hofu. Nao udogo wa kijibwa huweza kuwa wa mapenzi au wa dharau, kutegemea sauti ya msemaji. Katika siasa, kijibwa ni kibaraka. Mtu akisimulia kwamba "jibwa lilitaka kuniuma", msikilizaji huona tishio, na akisema "mbwa alinibwekea nilipoingia langoni", huona tukio. Anayejaza taarifa za mnyama aliyeletwa kituoni aandike kwa namna ya pili: mbwa huyu, jike, rangi ya udongo, ameumia mguu wa kushoto wa nyuma.

Kuhusu mtoto wa mbwa, kamusi hutupa neno kilebu, na wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mitihani. Ni neno zuri linalostahili kuhifadhiwa, lakini katika tangazo la sokoni wengi hawatalielewa. "Mtoto wa mbwa" nalo limechakazwa na matusi. Njia salama ni kutaja umri: mbwa wadogo watatu, wenye miezi miwili. Umri humsaidia pia anayetaka kuwachukua ajue watahitaji nini.

Kuchanja, kuhasi, kufisha

Kundi hili ndilo lenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa linahusu mambo yanayoutendekea mwili wa mnyama na mengine hayarudishiki nyuma.

Tuanze na sindano. "Mbwa watachomwa sindano" ni sentensi fasaha, lakini haisemi sindano ya nini. Iko sindano inayokinga, inayotibu, inayolevya kabla ya upasuaji, na inayoua. Mahali ambapo mbwa waliwahi kuuawa kwa amri ya serikali za mitaa, neno sindano peke yake linatosha kuwafanya watu wawafiche mbwa wao. Chanjo ndilo neno linalotofautisha, na hukamilika linapotaja ugonjwa: chanjo ya kuzuia kichaa cha mbwa.

Kuhasi ni kumwondolea dume uwezo wa kuzalisha. Mfugaji analifahamu vyema, kwani ng'ombe dume aliyehasiwa ni maksai, na mbuzi dume aliyehasiwa akanenepeshwa ni ndafu. Kilimanjaro leo jina ndafu humkumbusha mtu mbuzi mzima aliyebanikwa na kupambwa kwa ajili ya arusi. Kwa hiyo, katika masikio ya mfugaji, kuhasi huambatana na kunenepesha na kuchinja. Si ajabu akiuliza mbwa ahasiwe kwa faida gani. Msemaji asimcheke. Aeleze kwamba mbwa dume aliyehasiwa hupunguza kutangatanga akifuata majike, na kwamba idadi ya watoto wanaotupwa hupungua.

Kwa jike, watu husema kufunga kizazi. Msemo huu umetoka katika uzazi wa mpango wa binadamu, nao humfanya msikilizaji adhani kwamba kilichofungwa kinaweza kufunguliwa. Upasuaji unaofanyiwa mbwa jike huondoa ovari, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Kutoa kizazi ni kauli kali zaidi sikioni, lakini ni ya kweli, na ridhaa isiyojengwa juu ya ukweli si ridhaa.

Turudi kwa mama wa Moshi. Kiswahili kina njia kadhaa za kutaja tendo ambalo fomu ile ililificha. Kuua ni neno la wazi lakini halielezi sababu wala namna. Kuangamiza hufaa wadudu waharibifu. Kufisha, kauli ya kusababisha ya kufa, ni neno sanifu ingawa si la kila siku. Kifo cha huruma hueleza nia, lakini halimwambii mwenye mnyama kitakachofanyika. Katika fomu ningeandika kwa urefu: "Nimeelezwa kwamba mbwa wangu hawezi kupona. Naridhia daktari amdunge dawa itakayomuua bila maumivu." Sentensi hiyo ni chungu, na uchungu wake ni sehemu ya maana yake. Upole uonyeshwe kwa sauti ya daktari na kwa muda anaoutoa, usionyeshwe kwa kuficha kitenzi.

Wafasiri wa sheria wana wajibu wa ziada, hasa tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania. Kufasiri kipengele kinachotaka mnyama auawe bila mateso kwa maneno "kuua kwa njia ya kibinadamu" kunamwacha msomaji akishangaa binadamu ameingiaje. "Kuua bila kumtesa" kunatosha.

Ugonjwa ambao jina lake linapotosha

Jina kichaa cha mbwa limeenea na halifai kubadilishwa. Linahitaji kufafanuliwa tu, kwa sababu lina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni neno kichaa. Mtu husubiri kuona mbwa anayekimbia ovyo, anayetokwa na udenda na kung'ata kila kitu. Lakini upo pia ugonjwa wa kimya, ambapo mnyama hupooza, hushindwa kumeza, na hujificha. Mbwa aliyenyamaza konani naye anaweza kuwa na virusi katika mate yake. Mtego wa pili ni neno mbwa. Ugonjwa huu huwapata paka, ng'ombe, mbuzi na punda pia. Mfugaji wa Machame anayemwona ng'ombe wake wa bandani akitoa udenda anaweza kudhani amekabwa na kipande cha mgomba, akaingiza mkono kinywani amsaidie, na huko ndiko kwenye hatari.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba katika asilimia 99 ya visa vya binadamu chanzo ni mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, unazuilika: kidonda huoshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mgonjwa hupelekwa kituo cha afya kupata chanjo. Mbwa wakichanjwa angalau asilimia 70, maambukizi hukatika. Kuwaua mbwa ovyo hakujaleta matokeo hayo, kwa sababu nafasi ya waliouawa hujazwa haraka na mbwa wengine wasiochanjwa. Maneno yanayomfanya mtu amlete mbwa wake kwenye chanjo, basi, humwokoa mbwa na humwokoa mtoto wa jirani.

Hapa kitenzi kimoja kinahitaji uangalifu. Kuumwa ni kuwa mgonjwa na ni kung'atwa pia. "Mtoto anaumwa" na "mtoto ameumwa na mbwa" hutofautiana kwa njeo na kwa maneno mawili ya mwisho, ambayo katika ujumbe mfupi wa simu au katika simulizi ya haraka huweza kuachwa. Katika mawasiliano ya afya, tumia kung'atwa. Ongeza kukwaruzwa na kulambwa penye kidonda, kwa kuwa mate ndiyo yabebayo virusi, na mwenye mkwaruzo mdogo hatajihesabu kuwa ameumwa.

Makao, mfugaji mpya na sifa ya ukali

Mahali wanapohifadhiwa wanyama waliookolewa tupaiteje? Hifadhi, hapa Kilimanjaro, ni ya Taifa, yenye msitu na theluji. Banda ni la ng'ombe. Kambi ni ya wakimbizi au ya wapanda mlima. Makao ya wanyama au kituo cha kuokolea wanyama ni majina yanayofaa, na la kwanza lina ubora wa kufanana na makao ya watoto, yaani mahali pa malezi ya muda. Huko Makoa, upande wa Machame, kipo kituo kinachowauguza wanyamapori waliojeruhiwa au kuachwa yatima. Ukikiandikia kituo cha namna hiyo, tofautisha kurudishwa porini, ambako ndilo lengo kwa mnyamapori, na kupatiwa mfugaji, ambako ni lengo kwa mbwa na paka. Msomaji akiyachanganya atakuja kuomba komba amfuge nyumbani.

Kuasili ndilo neno ambalo wafasiri hulikimbilia wanapofasiri tendo la kumchukua mnyama kituoni. Kwetu kuasili ni tendo la kisheria la kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako, lenye maombi mahakamani. Kulitumia kwa mbwa humfanya mzee wa Kibosho acheke, na kicheko hicho humfanya asiliamini tangazo zima. Mwenyewe ana desturi yake: jirani akizaliwa mbwa, humwendea na kumwomba mmoja amfuge. Kufuga kunabeba tayari wajibu wa kulisha, kulinda na kutibu. "Mbwa huyu anatafuta mtu wa kumfuga" inatosha, na inaeleweka tangu mara ya kwanza.

Mwisho ni sifa. Vibao vya "Mbwa mkali" vimejaa kwenye malango ya Moshi. Mkali ni sifa njema kwa anayetaka mlinzi, na ni shtaka siku mtoto anapong'atwa. Neno moja lenye hukumu mbili halimsaidii anayechagua mbwa. Mwaka 2016, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo kuhusu mbwa waliobandikwa jina la pit bull katika makao ya wanyama. Walikaa wakisubiri kuchukuliwa zaidi ya mara tatu ya muda wa mbwa waliofanana nao kwa sura lakini waliobandikwa jina jingine. Katika kituo kimoja cha Florida, majina ya aina yalipoondolewa kwenye kadi, mbwa wa aina zote walichukuliwa kwa wingi zaidi. Sisi hatuna tatizo la pit bull, lakini tuna mkali, mvivu na mwizi. Badala ya sifa, andika tendo: "Hubweka mgeni akigonga lango. Akishaambiwa anyamaze, hunyamaza. Hajazoea kuku." Mwenye kuku atajua la kufanya, na asiye nao atamchukua.

Tangazo la kusomwa kwa sauti

Katika vijiji vyetu matangazo husikiwa zaidi ya kusomwa. Hutolewa baada ya ibada, katika mkutano wa kitongoji, au kwa gari la kipaza sauti. Msikilizaji hawezi kurudi nyuma aya moja. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi la kulisoma tangazo mara moja tu kwa mtu, kisha kumuuliza yale maswali matatu ya mwanzo. Huu ni mfano unaoweza kuanza nao:

"Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, daktari wa mifugo atakuwa uwanja wa shule ya msingi. Atatoa chanjo ya kuzuia kichaa cha mbwa. Mlete mbwa wako na paka wako, wakubwa kwa wadogo. Mbwa afungwe kamba na aletwe na mtu mzima aliyemzoea. Ukimwona mbwa asiyejulikana mwenyewe, tuambie alipo. Asipigwe, wala asiwekewe sumu. Baada ya chanjo utarudi na mbwa wako nyumbani."

Sentensi ya mwisho huenda ikaonekana haina haja, kwa kuwa kila mtaalamu anajua kwamba mbwa aliyechanjwa hurudi kwao. Mwenye mbwa hajui, na ndiyo hofu inayomfanya abaki nyumbani. Usiifute.